Magari Thelathini na Moja ya Papa Léon

Papa Léon Uyirwoth wa mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, ana magari thelathini na moja ya Kimarekani, na kila asubuhi anakwenda kazini kwa miguu. Magari yenyewe hayajawahi kukanyaga barabara. Yako sebuleni, ndani ya kabati la vioo ambalo yeye huliita vitrini, yamepangwa kwa mwaka wa kuzaliwa kama watoto wanaongoja kipaimara, na lililo kubwa kuliko yote linaenea kiganjani. Ni magari madogo ya chuma, mfano kamili wa yale makubwa ya zamani: Buick, Packard, Studebaker, Ford za enzi ambazo petroli ilimwagwa kama maji. Yana matairi ya mpira, milango inayofunguka, usukani unaozunguka, na kila moja lina cheti chake chenye namba. Cheti cha ubatizo cha Papa Léon mwenyewe kilipotea zamani wala hakuhangaika kutafuta kingine. Vyeti vya magari amevifunga ndani ya plastiki.

Usithubutu kuyaita vichezeo. Padri mmoja mgeni, mtu mwema asiye na hatia, aliingia siku moja, akaona vitrini, akasema kwa furaha, "Batoto ya hii nyumba beko na bahati!" Papa Léon akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu. Akamkalisha padri, akamweleza kwa dakika arobaini tofauti kati ya kichezeo na modeli ya mkusanyaji, akamweleza uzito wa chuma, tabaka za rangi, na kwa nini moja kwa arobaini na tatu ni kipimo cha watu wenye akili. Chai ikapoa. Padri hakurudi tena katika nyumba ile, na mpaka leo Papa Léon anaamini kwamba askofu alimhamisha.

Kazi yake ni kuuza vipuri vya pikipiki sokoni. Kutwa nzima anawauzia watu kebo za klachi, cheni na taa, na yeye hana pikipiki. Kinyozi hajinyoi. Ukimwuliza atakwambia kwamba pikipiki ni ya watu wenye haraka, na kwamba mtu aliyezoea injini ya silinda nane hawezi kujishusha mpaka silinda moja. Injini anayoisema ina ukubwa wa punje ya mahindi.

"Léon," mkewe Wivine humwambia wakirudi misani, viatu mkononi kwa sababu ya tope, "mu nyumba yetu muko gari makumi tatu na moja. Mi natembea na miguu tangu siku ulinioa."

"Gari ya kukusanya haitembeake, Wivine. Ikitembea inapoteza heshima."

"Na mi? Heshima yangu haipotee?"

Hapo Papa Léon huruka dimbwi linalofuata.

Jirani yao Mama Alphonsine, anayeuza mandazi mbele ya geti, ndiye mtu pekee mtaani aliyejua namna ya kumwendea. Kila alipoingia kuomba chenji, alisimama mbele ya vitrini, akapiga makofi ya mshangao, akauliza kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, "Papa Léon, hii magari yote ni ya weye?"

"Yote, mama," hujibu Papa Léon, na mabega yake hupanda.

Mama Alphonsine alilijua jibu. Aliuliza kwa sababu siku akiuliza, Papa Léon alinunua mpaka beseni lake la mandazi likapungua kabla ya saa mbili.

Mkusanyo ulianza zamani, Papa Léon alipokuwa mtunza bohari katika shirika moja la wageni. Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago alimwachia Ford ya buluu iliyokuwa juu ya meza yake, pengine kwa sababu haikuenea sandukuni. Papa Léon hakulala. Tangu hapo ndugu yake Christella, anayeishi Kampala, humwagizia moja moja na kuyatuma chini ya viti vya basi, yamefungwa ndani ya kanga tatu. Kuna hata klabu kwenye simu. Ina wanachama watatu: daktari wa meno wa Butembo, rubani mstaafu wa Kisangani, na Papa Léon. Yeye ni rais, daktari ni makamu wa rais, rubani ni katibu. Wanachama wa kawaida bado hawajapatikana, ingawa uchaguzi hufanyika kila mwaka na huwa mkali.

Haya yote ni ya kuchekesha, na mimi nimecheka. Lakini ndani ya vitrini ile kulikuwa na gari moja ambalo halikuwa mchezo hata kidogo.

Lilikuwa Chevrolet ya mwaka 1957, kijani kama jani changa la mgomba, paa jeupe, mabawa mawili nyuma yamepakwa chuma cha kung'aa. Papa Léon hakuliita Chevrolet. Aliliita Cinquante-Sept, yaani Hamsini na Saba, kwa Kifaransa cha shule, kwa sauti ya chini. Baba yake, Muzee Cyprien, alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, alifanya kazi kwa mkurugenzi mmoja wa kizungu kwenye kambi ya dhahabu ya Mongbwalu, na kazi yake ilikuwa kuosha gari kama lile, rangi ile ile, kila Jumamosi. Aliliosha miaka miwili. Hakukaa ndani yake hata mara moja. Hata kuufungua mlango kulikatazwa, isipokuwa kwa kitambaa mkononi. Watu wa kambi wakipita wakamtania, "Cyprien, ile gari ni ya weye?" yeye hujibu bila kuinua kichwa, "Mi naosha tu." Na alivyolisema, aliyeuliza huondoka akiwa na shaka kwamba labda amefichwa kitu.

Mwezi wa uhuru mkurugenzi aliondoka na gari kwa haraka hata akasahau ndoo na sponji. Ndoo ile ilibaki katika familia mpaka ilipoliwa na kutu. Na Muzee Cyprien aliendelea kuliosha lile gari kwa mdomo maisha yake yote. Alijua mahali vumbi linapojificha: nyuma ya mabawa, chini ya nyusi za taa, kwenye mkunjo wa bampa ambamo kidole cha mtu mzima hakiingii. Mwaka aliofariki alikuwa amesahau majina ya wajukuu wawili, ila mkunjo wa bampa hakuusahau.

Papa Léon aliingoja Cinquante-Sept miezi kumi na minne. Siku ilipofika alivaa glovu za hospitali, akafungua kijimlango kwa ukucha, akaona viti vidogo vyeupe ambavyo baba yake hakuvikalia, akalia. Wivine alipomwuliza, alisema ni vumbi. Alimpenda sana baba yake, na hakuwa na mahali pengine pa kuliweka pendo hilo.

Sasa sikiliza kilichompata.

Katika ukoo wao mpwa, yaani mtoto wa dada, ana haki nyumbani kwa mjomba wake. Akianza jambo kubwa, ndoa au kazi au safari ndefu, hupita kwa mjomba, hulishwa kuku, kisha huinuka na kuchukua kitu kimoja anachokitaka mwenyewe. Mjomba hachagui, hakatai, wala hakunji uso. Anasema, "Beba, njia ifunguke," basi. Na neno lenyewe lazima litoke moyoni. Likitoka mdomoni tu, moyo ukabaki umekishika kile kitu, kinachoharibika ni safari ya mpwa.

Mpwa mwenyewe alikuwa Prudent, mtoto wa dada yake mkubwa Pétronille wa Mahagi. Wazazi walimpa jina hilo, ambalo kwa Kifaransa ni mtu mwangalifu, kwa matumaini. Alikuwa na miaka thelathini na minne na tayari alikuwa amelaza mtaroni kamyo mbili, malori ya watu wengine. Sasa alikuwa amepata kamyo yake mwenyewe, Fuso kuukuu ya buluu, ya kubeba mihogo na maharagwe kati ya Mahagi na Bunia. Ikaja simu: Jumapili mama na mwana watafika kwa baraka.

Papa Léon alijiandaa kama serikali inayongoja wakaguzi. Alinunua beberu, akamwosha kwa sabuni ya unga mpaka pembe, akamfunga mbele kabisa ya mlango ili yeyote anayeingia ajikwae juu yake. Kando ya beberu akaweka majogoo watatu. Kando ya majogoo akaegemeza baiskeli. Mpwa gani mwenye macho ataviacha hivyo?

Kikabaki kitu kimoja, vitrini. Kuihamisha hakukuwezekana, kwa maana mlango wa chumba ulikuwa mwembamba kuliko kabati. Papa Léon akaizunguka mara nne, kisha akaingia chumbani, akatoka na kitenge kipya cha Wivine, kile cha sikukuu, kingali na harufu ya dukani, akaifunika vitrini kutoka juu mpaka chini. Akarudi nyuma hatua mbili, akaona kazi ni njema.

"Léon," alisema Wivine, "unafanya nini na kitenge yangu?"

"Nafunika. Macho haiwezi kutamani kitu haijaona."

Wivine alitaka kusema neno, akautazama uso wa mumewe, akaliacha. Alikuwa ametembea kwa miguu miaka ishirini na sita. Baadaye aliapa kwamba hakujua litakalotokea, na mimi sijui kama nimwamini.

Maana kila mtu wa Bunia anajua kitu gani hufunikwa kwa kitenge kipya sebuleni. Siku ya mahari bibi harusi huletwa amefunikwa hivyo hivyo, na wageni hucheza mpaka wamfunue. Zawadi za harusi hufunikwa hivyo hivyo. Kitu kilichofunikwa kwa kitenge cha sikukuu hakijafichwa. Kinamngoja mwenyewe.

Prudent aliingia, akamruka beberu bila kumwangalia, akasimama katikati ya sebule. Akaona kitenge.

"Noko," alimwita mjomba wake kwa sauti ya mtu aliyeguswa, "unanifunikia?"

Papa Léon alitaka kusema hapana. Lakini hapana ya nini, tena mbele ya nani? Pétronille, ambaye Papa Léon humwita yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa tayari ameona, na vigelegele vyake vilikuwa vimeshafika kwa Mama Alphonsine pale getini, naye akavipokea bila kujua ni vya nini. Majirani wakaanza kujaa mlangoni. Pétronille alivua viatu, akacheza kuelekea kwenye vitrini, bega la kulia, bega la kushoto, machozi yakimtiririka.

"Ndugu yangu! Mi nilikuwa nasema Léon anapenda bintu kuliko batu. Nisamehe! Nisamehe, mutoto ya mama!"

Prudent akashika ncha ya kitenge, akavuta. Magari thelathini na moja yakang'aa mbele ya mtaa mzima. Nje beberu alilia, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Mkono wa Prudent ulipita juu ya Packard. Ukapita juu ya Buick. Papa Léon alianza kuomba rozari kimoyomoyo, akaruka mafumbo mawili ili awahi. Mkono ukasimama juu ya kijani.

"Hii," alisema Prudent polepole, "hii njo ile ya babu."

Hapo ndipo Papa Léon alipokumbuka kwamba Muzee Cyprien hakuwa baba yake peke yake. Alikuwa baba wa Pétronille pia, na babu wa huyu mwuaji wa kamyo, na hadithi ya ndoo na sponji ilisimuliwa katika kila nyumba aliyolala.

"Alikuwa ananifundisha namna ya kuosha bampa," alisema Prudent. "Nilikuwa na miaka sita. Noko, nachukua hii."

Watu wote wakamgeukia Papa Léon.

"Beba," alisema, kama mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni. "Njia ifunguke."

Angalau, alijifariji, kijana ataiweka nyumbani, juu ya rafu, mbali na jua. Alasiri hiyo hiyo Prudent alimwita gereji kama mgeni wa heshima. Fundi alikuwa ameipindua Cinquante-Sept juu ya meza, miguu juu, na alikuwa anaitoboa tumbo kwa mashine. Matundu mawili. Akapitisha bolti, akaikaza mbele ya Fuso, nje, juu ya bampa, mahali ambapo upepo, mawe na tope la Ituri vitaipata vyote kabla ya dereva.

"Ione, noko!" alisema Prudent. "Sasa inatembea!"

Papa Léon alikuwa amekuja na glovu zake mfukoni. Alizishika tu.

Wiki zilizofuata alidhoofika. Pale kwenye vitrini, kati ya Buick ya mwaka 1955 na Ford ya mwaka 1958, kulibaki nafasi ya upana wa vidole vinne. Alijaribu kuyasogeza mengine ili ijae, akashindwa, akayarudisha. Katika klabu aliitisha mkutano wa dharura. Makamu wa rais alilaani tendo lile na katibu akashauri dawa ya usingizi. Mama Alphonsine alipouliza swali lake la siku zote, Papa Léon alijibu "Yote" kwa sauti ndogo, na mandazi yakabaki kwenye beseni.

Kumbe na kamyo nayo ilikuwa inaumwa. Safari ya kwanza ikakata ekseli. Safari ya pili gea ikagoma mlimani, ikalala siku tatu. Safari ya tatu rejeta ikapasuka. Mtu yeyote aliyeona magunia ambayo Prudent aliyapandisha juu ya Fuso ile, na abiria juu ya magunia, na mbuzi juu ya abiria, angeeleza ugonjwa huo bila kwenda kwa mganga. Lakini Pétronille hakuangalia magunia. Alipiga simu.

"Léon. Moyo yako iko wapi?"

"Iko kwangu, yaya."

"Haiko kwako. Iko ku bampa ya mutoto yangu, inamuvuta nyuma. Ulisema beba na mudomo. Akikufa mu njia, utabaki na ile vyuma yako, utaipanga, utaiangalia."

Akakata. Papa Léon ni Mkatoliki aliyesoma, na mambo ya mioyo kuvunja ekseli hayaamini. Ila alijichungulia ndani, akaona kwamba dada yake amesema kweli. Kila usiku alikuwa anaota Prudent amemrudishia gari, na katika ndoto ile hakuwahi kujiuliza kwa nini amerudisha, wala kamyo imepatwa na nini. Aliona haya. Akaogopa pia.

Mtu mwenye haya hutafuta sheria. Papa Léon alikumbuka kwamba mjomba wake mwenyewe, Muzee Gaspard, ndugu wa mwisho wa mama yake, bado anaishi Marabo, na kwamba neno lake kuhusu desturi hakuna anayelipinga katika ukoo. Akaandika hoja kurasa mbili, kwa Kifaransa, na Jumatano akapanda nyuma ya pikipiki, yeye mtu wa silinda nane, akafika Marabo mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

Muzee Gaspard alimpokea vizuri, akamkalisha, akasikiliza kurasa zote mbili. Kiini chake kilikuwa hiki: mpwa ana haki ya kitu kimoja kizima. Mkusanyo ni kitu kimoja. Huwezi kuchukua kipande cha mkusanyo, kama vile huwezi kuchukua mguu mmoja wa mbuzi aliye hai ukamwacha mbuzi. Kwa hiyo Prudent alikosea, na kwa hiyo arudishe.

Mzee alifikiri, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Ile kusanyo ni kitu moja."

"Njo vile, noko. Kitu moja."

"Basi angebeba yote. Makumi tatu na moja. Enda umuambie alisahau makumi tatu."

Papa Léon alikunja karatasi zake haraka kuliko alivyozikunjua.

Macho yake yakaanza kutembea ukutani, kama macho ya mtu aliyeshindwa yanavyofanya. Juu ya kiti cha mzee kulikuwa na rafu ndogo ya mbao. Juu ya rafu kulikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Juu ya kitambaa hapakuwa na kitu.

"Unaangalia nini?" aliuliza Muzee Gaspard.

"Pale kulikuwa..." Papa Léon alianza, akasita.

"Radio," alisema mzee. "Ya betri sita. Mwaka ya makumi nane na sita ulipata diplome, ukakuja hapa, ukakula kuku, ukasimama, ukabeba radio yangu. Nilisema beba, njia ifunguke. Njia ikafunguka, ama hapana?"

Ilifunguka. Papa Léon alikuwa ameisimulia hadithi ya radio ile mara mia, kwenye harusi na kwenye vilio, na kila mara kama hadithi ya kuchekesha: jinsi mjomba alivyobaki mdomo wazi. Mkuki kwa nguruwe.

"Noko, iliuma?"

"Mwezi muzima. Nilikuwa naenda kusikiliza habari kwa jirani, nasimama inje ya dirisha." Mzee akacheka kidogo. "Kiisha nikasikia umeifungua na bisibisi juu ya kuona namna inasema. Haikusema tena."

"Sikuwahi kukuambia pole."

"Pole ya nini? Ulikuwa mupwa."

"Na rafu? Miaka makumi tatu na tisa. Juu ya nini haukuweka kitu ingine?"

Muzee Gaspard aligeuka, akaitazama rafu yake kwa muda, kwa uso wa mtu anayetazama kitu chenye thamani.

"Pale iko na kitu," alisema. "Radio ingekuwa imeshakufa zamani, siye yote tungekuwa tumeisahau. Ile nafasi haiwezi kufa. Mama Gaspard, muke yangu, alikuwa anafua kitambaa kila mwezi, sasa mi nafua mwenyewe. Naangalia pale, nasema: niko na dada, dada yangu aliacha mutoto, ule mutoto alinikumbuka. Weye unafikiri mupwa anabeba kwa mutu mwenye hapendi?"

Papa Léon alikunywa maji aliyopewa, akaaga kwa mikono miwili. Njia nzima ya kurudi hakumwambia dereva wa pikipiki apunguze mwendo hata mara moja.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Fuso ya buluu ilisimama mbele ya geti la Rwambuzi. Ilikuwa imetoka Mahagi usiku kucha kwenye mvua. Prudent alishuka, akaegemea mlango, macho mekundu, viatu vizito kwa tope. Alikuwa amepungua.

"Noko, sikukuja kusumbua," alisema. "Mama alinituma. Anasema, kama moyo yako inakataa, nikurudishie. Spana niko nayo."

Papa Léon alizunguka mbele ya kamyo. Juu ya bampa palikuwa na donge la udongo mwekundu lenye ukubwa wa kiazi. Kama hungejua, hungejua. Alilitazama sana. Neno "rudisha" lilikuwa tayari kwenye ulimi, limekaa pale wiki saba, na mtu aliyekuja nalo alikuwa na spana mkononi.

"Wivine!" aliita. "Letea beseni. Na sabuni."

Wivine alileta beseni. Papa Léon alitoa glovu mfukoni, akavaa moja, akaona ni ujinga, akaivua. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya dukani, akachovya kitambaa, akaanza.

Maji yakawa mekundu. Kijani kikatokea kidogo kidogo. Paa lilikuwa limechubuka kona moja, kioo cha ubavuni kilikuwa kimekwenda, bawa la kushoto lilikuwa na mkwaruzo mrefu. Cheti chake kule chumbani sasa kilikuwa karatasi tu. Papa Léon aliona yote hayo, yakamuuma, na mikono ikaendelea. Ilijua pa kwenda: nyuma ya mabawa, chini ya nyusi za taa. Kwenye mkunjo wa bampa alizungusha kitambaa kwenye kijiti cha kiberiti, akachokoa, na vumbi la barabara ya Djugu likatoka. Baba yake alikuwa amesema kweli kwa miaka hamsini. Linajificha pale pale.

"Noko," alisema Prudent, spana bado mkononi, "nifungue ama?"

"Weka ile chuma mbali, utanikwaruzia rangi." Kisha akasema, akiendelea kusugua, na safari hii hakukuwa na muhogo mdomoni, "Beba, mutoto ya dada yangu. Njia ifunguke. Na upunguze magunia, uko na jina ya Prudent bure."

Mama Alphonsine alikuwa anapita na beseni lake kichwani. Aliwaona, akasimama. Biashara ilikuwa mbaya tangu mwezi uliopita, akaona bora ajaribu bahati yake.

"Papa Léon! Na hii gari nayo ni ya weye?"

Papa Léon hakuinua kichwa.

"Hapana, mama," alisema. "Mi naosha tu."